Tulitandika Uwanja Kabla ya Mvua

Kama ndio kwanza unaungana nami, usihangaike kulitafuta gazeti la wiki iliyopita. Limeshafungiwa vitu dukani, na aibu yangu inasimulika kwa kifupi.

Tulijenga nyumba. Mume wangu, dereva wa lori la safari ndefu, alinunua vitofali vya kutandika uwanjani, akavipanga nyuma ya nyumba na kusema visiguswe mpaka mvua zipite. "Udongo tuliojazia kando ya msingi bado haujakaa," alisema. "Udongo ni kama mtu mnene kwenye kiti cha plastiki. Hakai mara moja. Anajaribu, anasogea, ndipo anakaa." Akapanda lori akaenda zake.

Mimi sikungoja. Uwanja ukatandikwa, ukapendeza, wasusi wenzangu wakaja wakausifu. Kisha mvua ikanyesha. Vitofali vikazama kando ya ukuta wa chumba cha mama mkwe wangu, bomba la maji machafu likapinda huko chini, na bafu la mzee wa watu likaanza kurudisha uchafu badala ya kuupeleka.

Sasa mume wangu amerudi, na hajanigombeza hata kidogo. Hajanigombeza kwa sababu anaamini aliyeagiza uwanja utandikwe ni mama yake mzazi.

Anaamini hivyo kwa sababu nilimwambia mimi.

*

"Mama, jaribu tu kukumbuka," mume wangu alisema.

Alikuwa amevua shati, ameshika mtarimbo. Alikuwa anatafuta chemba, ule mfuniko wa zege ambao ukiufungua unaliona bomba na kulizibua. Mabomba yalilazwa akiwa safarini, na uwanja ulipotandikwa chemba ikafunikwa pamoja na mengine yote. Sasa chini ya vitofali vile vinavyofanana kama mapacha, nani ajue iko wapi? Mimi nilishasema sijui.

Fundi alijua. Lakini fundi alipigiwa simu tangu asubuhi na hakupokea. Fundi hapokei simu ya mtu ambaye kazi yake imezama.

"Hapa," mama mkwe akasema, akagusa chini kwa mkongojo.

Mume wangu akang'oa. Mchanga mtupu.

"Basi pale. Karibu na ngazi."

Akang'oa. Mchanga, na jongoo mmoja aliyeshangaa.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa na uhakika." Hakuwa na uhakika wowote. Angeutoa wapi? Alikuwa anajilazimisha kukumbuka jambo ambalo hakulifanya, na alivyokunja uso, ungedhani analiona linampita kwa mbali.

"Usijali, Mama. Tutaipata."

"Kichwa changu kimekuwa chujio."

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya nguzo ya kamba ya nguo, nimeshika kikombe cha chai ambayo ilikuwa imepoa zamani. Sikusogea mguu. Nisingeweza kusogea.

Nilikuwa nimesimama juu ya chemba.

*

Wiki iliyopita niliwaambia kwamba fundi alikubali kufunika chemba, nikaruka haraka kwenye habari za wageni na keki. Hamkuuliza alikubalije. Mngeuliza, ningewadanganya na nyinyi.

Mnajua mimi ni msusi. Wateja hawaji saluni kwangu kwa ajili ya vidole tu. Wanakuja kwa ajili ya mdomo. Naweza kumwiga yeyote: mtangazaji wa vifo redioni, mwenye nyumba anayedai kodi huku anajifanya amepita tu kusalimia, bwana harusi aliyeishiwa maneno. Mume wangu mwenyewe huniambia alinioa kwa sababu hiyo. Alikuja kumchukua dada yake saluni, akanikuta namwiga huyo huyo dada yake, akacheka mpaka akakaa chini.

Kabla ya safari ile, mume wangu alimwita fundi mbele yangu. Fundi wetu tunamwita Injinia, kwa sababu si injinia.

"Nikiwa barabarani," akamwambia, "neno la Mama ndilo neno langu. Jambo lolote la nyumba hii, muulize Mama."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimemshikia chupa yake ya chai. Mimi niliyemwagilia zege la nyumba ile asubuhi na jioni mpaka likashika. Mimi niliyegombana na wauza mchanga. Neno langu halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyemalizia. Alikuja kumchukua mama yake ampeleke kutibiwa macho, kiatu chake kikanasa matopeni pale mlangoni, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Wifi, nyumba ni nzuri sana," akasema. "Shida ni kuifikia."

Wasusi wenzangu walikuwa wanakuja mwisho wa wiki. Nikawaona wote wamesimama kwa mguu mmoja.

Lile rundo la vitofali lilikuwa nyuma ya nyumba, linanitazama. Nikampigia Injinia. "Mama amesema tuanze." Hakubisha, kazi ni kazi. Usiku nikampigia mume wangu: "Mama ameshikilia uwanja utandikwe sasa." Nikasikia lori linanguruma. "Kama ni Mama," akasema, "basi."

Kazi ikaenda vizuri mpaka umeme ulipokatika mji mzima. Injinia akaja mlangoni na mashine yake ya kukatia, waya unaburuzika.

"Shemeji, kuzunguka mfuniko wa chemba lazima nikate vitofali. Mashine inataka umeme. Tungoje."

"Wageni wangu hawangoji umeme."

"Basi tunapita juu kwa juu, tunaifunika. Lakini hilo silifanyi mpaka nisikie kwa bibi mwenyewe. Chemba ikifunikwa, siku ikiziba mtanitafuta kwa mbwa."

"Bibi yumo ndani. Macho yanamuuma, hataki mwanga."

"Haidhuru. Nitasemea dirishani."

Akazunguka nyuma. Na mimi nikaingia chumbani kwa mama mkwe wangu.

Chumba kilikuwa kitupu, kina harufu ya dawa yake ya kuchua. Kitanda kimetandikwa bila kunyanzi. Nikakaa ukingoni. Injinia akagonga kioo, pazia likiwa limefungwa.

"Bibi, shikamoo."

Mama mkwe huanza kila jambo kwa kikohozi kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Nikakohoa.

"Marahaba, baba."

Ilitoka vizuri mno.

"Bibi, tuifunike chemba?"

Nikakohoa tena. "Funika yote, baba. Sitaki kukaa natazamana na shimo la uchafu nikiota jua langu."

Injinia akaondoka anapiga mluzi. Na mimi, jamani, nilicheka. Nilijiziba mdomo kwa mto wake ili nisisikike.

Mama mkwe aliporudi kutoka kwa binti yake, jicho moja bado lina bandeji, alisimama getini.

"Nani ametandika?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu, na mama yule hajawahi kunipandishia sauti tangu nilipoolewa. Lakini siku hizo alikuwa ameanza kusahau vijambo vidogo vidogo. Anatafuta miwani, kumbe ameivaa. Anatia chumvi tena. Nikaona upenyo, nikapita.

"Si wewe, Mama? Ulimwagiza Injinia kabla hujaondoka. Umesahau?"

"Nilimwagiza?"

"Ulisema hutaki kukaa unatazamana na shimo la uchafu ukiota jua lako."

Akafikiri. "Hayo kweli ni maneno yangu," akasema taratibu. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyejikwaa mbele za watu.

Tangu siku ile hakuwa yule. Akaacha kupika, eti asije akaunguza. Akaacha kuwasimulia watoto hadithi, eti anaweza kuchanganya. Kila jambo akawa ananiuliza mimi kwanza. "Nimeshakunywa dawa, mwanangu?" "Leo nimeoga?" Ananiuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayekumbuka.

*

Basi asubuhi ile ya mtarimbo, gari likaingia. Wifi.

Nyumbani tunamwita Kiranja, akiwa hayupo. Akashuka na viatu vya kisigino kirefu, akatazama mashimo mapya, akatazama ukingo uliozama kando ya ukuta.

"Wifi, mara ya mwisho palikuwa na matope," akasema. "Naona sasa mmeweka mabonde na milima."

"Karibu, wifi."

"Nikaribie wapi, nisije nikazikwa?"

Mume wangu akapangusa jasho. "Dada, leo usianze."

"Sianzi, namaliza." Akamshika kaka yake mkono, akamvuta kando, ila sauti yake haijui kukaa kando. "Mama hawezi kubaki hapa. Chumba kimejaa maji, choo kinarudi. Na hata kingekuwa kizima. Mtu anayeagiza kazi nzima ya uwanja halafu hakumbuki, kesho atawasha jiko atoke. Mkeo yuko saluni, wewe uko barabarani. Naondoka naye leo."

Mama mkwe alisikia. Wote tulisikia. Niliomba akatae, maana nyumba ile aliipenda. Alishachagua pembe yake ya kuota jua, alishawazoea watoto. Na kwa binti yake ni ghorofani, mlango unafungwa kutwa, jua linaliona zulia tu.

"Sawa," akasema. "Dada yenu anasema kweli. Nimekuwa mtu wa kuchungwa."

Akapita karibu yangu kwenda kufunga virago. Akasimama, akaninong'oneza ili watoto wake wasisikie: "Mwanangu, hebu niambie. Leo nimeoga?"

"Umeoga, Mama."

"Asante. Wewe ndiye macho yangu."

Alipoingia ndani, mume wangu akaokota mtarimbo, akaanza shimo jingine katikati kabisa ya uwanja, mahali ambapo hata mtoto angejua hakuna kitu. Hakuwa anatafuta tena. Alikuwa anapiga tu.

"Chimba hapa," nikasema.

Nikasogea kutoka pale niliposimama.

"Hapo kuna nini?"

"Chimba tu."

Kitofali cha kwanza kikang'oka kwa shida, vilivyofuata vikaachia vyenyewe. Chini yake, mchanga kidogo, kisha zege. Mtarimbo ukalia. Mume wangu akapiga magoti, akapangusa kwa kiganja mpaka pete ya chuma ya mfuniko ikaonekana.

Akainua uso. "Umejuaje?"

Wifi naye akageuka. Nilikuwa nimejiandaa kuonyesha, sikujiandaa kuulizwa.

"Nimemwambia mimi."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na begi lake mkononi. Akakohoa kile kikohozi chake. "Nimepita hapo nikakumbuka. Nikamwambia."

Hakuniambia. Mnajua alichoniambia. Sikujua, na nikiandika haya bado sijui, kama alikuwa ananikinga, au kama alikuwa amezoea mno kusahau hata akakubali kwamba lazima ni yeye.

"Umeona, Mama," mume wangu akasema, akajitahidi kutabasamu. "Bado unakumbuka."

"Mara moja moja," akasema mama yake.

*

Mfuniko ukafunguliwa. Sitawaelezea kilichokuwa ndani, wengine mnasoma mkiwa mezani. Mume wangu akapitisha ufito wa chuma, akakuta mahali bomba lilipopinda, chini kabisa ya ule ukingo uliozama. "Udongo umelikalia," akasema. Angeongeza lawama, ningepata pa kushikia.

Wifi akapakia begi la mama yake kwenye gari, na mfuko wa dawa, na kile kigoda chake cha kuotea jua. Mimi nikabeba mto. Nilitaka nibebe kitu.

"Huo uache," mama mkwe akasema, ameshaketi kiti cha mbele. "Ubaki hapa. Utawafaa wageni wako."

Nikasimama na mto ule kifuani. Mto wenyewe ndio niliojizibia mdomo.

"Zima gari," nikamwambia wifi.

"Nini tena?"

"Zima gari, wifi, tafadhali." Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa na tope mpaka viwikoni. "Mama hakuagiza chochote. Uwanja niliutandika mimi. Nilimdanganya Injinia, nikakudanganya wewe, nikamdanganya Mama. Hajasahau kitu. Hakuna alichosahau."

Nilikuwa nimelibeba jambo lile kwa muda mrefu, nikidhani siku nitakaposema, mbingu itaanguka. Ndege waliendelea tu kulia.

Mume wangu akaja, akapangusa mikono kwenye suruali, akaniwekea mkono begani.

"Nakushukuru," akasema.

"Unanishukuru nini?"

"Najua unachofanya. Unataka abaki. Unakubali ubaya uwe wako ili Mama asione aibu mbele ya binti yake." "Sikujua nimeoa mtu wa namna hii."

"Nisikilize. Ni mimi."

"Mwanangu, nyamaza," mama mkwe akasema kutoka garini, kwa upole. "Huna haja ya kujichafua kwa ajili yangu. Nilisema mimi. Hata maneno nayakumbuka sasa. Nilisema sitaki kutazamana na shimo la uchafu nikiota jua langu."

Anayakumbuka. Jamani, alikuwa anayakumbuka. Niliyapanda mwenyewe, sasa yameota.

Nimeshawahi kuitwa mwongo nikisema kweli, nikaumia. Sikujua kwamba kuitwa mwema ukisema kweli kunachoma zaidi. Nilitazama chini. Na nitawaambia jambo baya kuliko yote: kuna kipande changu kilichopumua. Nimesema, hawakuamini, basi mimi nifanye nini? Kipande hicho kilishaanza kuyageuza maneno yale yawe sifa zangu.

Lakini Kiranja hakuwa ameshika usukani tena. Alikuwa ameshika simu.

"Mimi machozi baadaye," akasema. "Injinia si ndiye aliyenijengea ngazi zangu? Namba yake ninayo."

"Hapokei," mume wangu akasema. "Nimempigia asubuhi nzima."

"Yako hapokei. Yangu hajaihifadhi, atadhani ni kazi."

Akapiga, akaweka sauti ya nje. Ikaita mara chache tu.

"Injinia hapa. Tunajenga, tunakarabati, tunapaka rangi."

"Unaongea na dada wa mwenye nyumba ya uwanja uliozama."

Kwa mbali mtu alikuwa anapigapiga msumari, naye akaacha.

"Usikate, Injinia. Sina ugomvi na wewe. Nataka neno moja tu. Nani alikwambia ufunike chemba?"

"Aa, hilo halina utata, dada. Bibi. Nilikataa mpaka nisikie kwa mdomo wake, na nilisikia. Shemeji ni shahidi."

Mume wangu akanibana bega, kama anayesema umeona. Wifi akashusha pumzi. Nilimwona ameshindwa, na sura yake ikalainika. Hata yeye alikuwa anaanza kunipenda. Kidole chake kikaenda kukata simu.

Ila mtu anayeogopa lawama hajui kuishia njiani.

"Tena nakumbuka vizuri," Injinia akaendelea. "Ni ile siku umeme ulipokatika mji mzima. Mashine yangu ilizima, ningekata vitofali kwa meno? Nikaenda dirishani kwake, nikamsalimia, akanijibu."

Kidole cha wifi kikabaki hewani.

"Siku umeme ulipokatika," akasema.

"Ndiyo, dada. Kutwa nzima."

"Siku umeme ulipokatika Mama alikuwa amelala kwenye kiti cha daktari wa macho. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Taa zilizimika juu yake, tukangoja jenereta. Alikuwa anaomba kwa kunong'ona, nilimsikia."

"Haiwezekani," Injinia akasema. "Niliongea naye mimi. Alikohoa."



Mkono ukaondoka begani kwangu. Haukuondoka kwa hasira. Uliondoka kama unavyotoa mkono kwenye ukuta uliogundua umepakwa rangi sasa hivi. Mume wangu alinitazama usoni, kisha akanitazama mdomoni. Kila akirudi safari, kabla hata ya kula, huniomba nimwigie mtu. Anakijua kipaji changu kuliko mtu yeyote.

"Hapana," akasema. "Hapana. Niambie siyo hivyo."

Nilisema nimedanganya. Nilisema ni mimi. Lile la dirishani nilikuwa nimelibakiza, na sasa lilikuwa limesimama katikati ya uwanja, uchi.

Mlango wa gari ukafunguka. Mama mkwe akatoa mguu mmoja, kisha mkongojo, kisha mguu wa pili. Wifi akataka kumsaidia, akamzuia kwa kiganja.

"Kwa hiyo sikusahau," akasema.

Hakumwambia mtu. Alikuwa anajiambia mwenyewe, anaonja. "Sikusahau," akarudia. Mabega yake yakapanda kidogo, kama ya mtu aliyetua mzigo. Nilifikiri atalia, au atanipiga. Ningefurahi anipige.

"Njoo hapa, mwanangu."

Nikaenda, na mto wake mkononi. Vitofali vilivyolegea vikawa vinacheza chini ya miguu yangu.

Alinitazama kwa lile jicho lililopona. "Mimi sijawahi kujisikia ninavyoongea," akasema. "Hakuna anayejisikia. Hebu sema kama ulivyosema siku ile. Kwa sauti ile ile. Nataka kumsikia huyo mtu aliyekuwa chumbani kwangu."

"Mama, nakuomba."

"Sema."

Mume wangu hakunitetea. Wifi hakunidhihaki. Kwenye simu, Injinia alikuwa bado yupo, nasikia anavyohema.

Nikakumbatia mto. Nikafungua mdomo, sijui hata nitatoa sauti ya nani.

Kikohozi kikatangulia, chenyewe.